Kabla ya Kunywa Mitishamba ya Mifupa: Mambo ya Kuweka Sawa Kwanza

Mfupa unaopungua hauumi. Mwenye osteoporosisi, yaani mifupa kuwa myepesi na kujaa vitundu ndani, anaweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote, mpaka siku anapoteleza bafuni na kifundo cha mkono kuvunjika, au anapoinua ndoo na pingili ya mgongo kubonyea. Kwa hiyo mchanganyiko wa majani unaoahidi kumaliza "maumivu ya mifupa" kwa siku saba unahusu kitu kingine: misuli, viungo, pengine baridi yabisi. Wengi hununua dawa ya maumivu wakidhani wamenunua kinga ya mifupa.

Kwanza, jua uko wapi. Kipimo chake ni eksirei maalumu iitwayo DXA, inayopima nyonga na uti wa mgongo, na majibu huja kama alama ya T, yaani namba inayolinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1994, kuanzia −1 kwenda juu ni kawaida, kati ya −1 na −2.5 mifupa imepungua, na kuanzia −2.5 kushuka chini ni osteoporosisi. Aliyefika huko, au aliyekwisha kuvunjika mfupa kwa kuanguka tu akiwa amesimama, asitegemee majani peke yake. Anahitaji tiba ya daktari, na haya yote yawe nyongeza.

Pasipo na mashine hiyo, utepe wa kupimia unasaidia kwa kiasi fulani. Vua viatu, visigino na mgongo viguse ukuta, mtu akulazie kitabu kigumu kichwani na kuweka alama ukutani. Ukikuta umepungua sentimita 4 kutoka kimo chako cha ujanani, huenda pingili zimebonyea bila wewe kujua, na hapo safari ya hospitali haina mjadala. Hali kadhalika kwa mwanamke ambaye hedhi yake ilikoma kabla ya miaka 45, mtu ambaye mzazi wake alivunjika nyonga, mvutaji sigara, mwenye uzito mdogo mno, na anayemeza prednisolone (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) kwa miezi 3 au zaidi.

Hatua inayofuata ni hesabu ya chakula, na hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kwenye chupa yoyote ya mitishamba. Viwango vya Marekani vinataka miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku kwa watu wazima, na 1,200 kwa wanawake waliopita miaka 50 na wanaume waliopita 70. Glasi ya maziwa ya mililita 240 ina takriban miligramu 300, na mtindi hukaribia hapo. Gramu 100 za sardini wa kopo, wakiliwa na mifupa yao, hutoa kama 380. Andika ulichokula kwa siku tatu za kawaida, jumlisha, ndipo ujue pengo lako ni 200 au 700. Anayeanza na vidonge bila hesabu hii anabahatisha.

Tatizo ni kwamba kilichomo kwenye chakula si lazima kiingie mwilini. Spinachi ina kalsiamu nyingi kwenye maandishi, lakini oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye majani yake, huishika na mwili huambulia takriban asilimia 5 tu, wakati maziwa hutoa karibu asilimia 30. Brokoli na kabichi ya Kichina hazina mzigo mkubwa wa oksaleti, kwa hiyo kalsiamu yake, ingawa ni kidogo, huingia vizuri. Ufuta usiokobolewa una kalsiamu tele, lakini oksaleti na faiteti (kemikali nyingine ya mbegu inayoshika madini) zilizomo huizuia sehemu yake. Maharage na nafaka nazo zina faiteti. Kuloweka usiku kucha na kumwaga maji yake huipunguza. Supu ya mifupa, pamoja na sifa zake zote, ina kalsiamu kidogo mno hata ikichemka kutwa na kutiwa siki. Inywe kwa utamu wake. Chumvi kupita kiasi husukuma kalsiamu kwenye mkojo, nayo haipaswi kuzidi gramu 5 kwa siku. Kahawa inaonewa kidogo: hasara yake hufidiwa na vijiko viwili vitatu vya maziwa.

Unga wa maganda ya mayai ni dawa ya nyumbani inayofanya kazi kweli, kwa sababu ganda ni kalsiamu kaboneti karibu tupu. Chemsha maganda dakika 10 kuua vijidudu, yakaushe, yasage mpaka yawe laini kama poda. Yakibaki na chembe kali yatakwaruza koo. Gramu 1 ina takriban miligramu 380 za kalsiamu. Watu hukosea kwenye kijiko: kijiko kimoja cha chai kinaweza kupita mahitaji ya siku nzima, na mtu huyo huyo bado anakunywa maziwa. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni, si kwa jicho.

Ukiamua kutumia vidonge, soma lebo vizuri. Kidonge cha "kalsiamu kaboneti miligramu 1,250" kina kalsiamu halisi 500 tu. Kimeze pamoja na chakula, kwani kinahitaji asidi ya tumbo. Kalsiamu sitreti humezwa wakati wowote na huwafaa wanaotumia dawa za kupunguza asidi. Usizidishe 500 kwa mara moja, maana kadiri dozi inavyokuwa kubwa ndivyo sehemu inayofyonzwa inavyopungua. Kama una shaka na kidonge cha kaboneti, kitumbukize kwenye siki na ukitikise mara mojamoja; kisipomeguka ndani ya nusu saa, tumboni nako huenda kikapita kizima. Na zaidi si bora: katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2006, wanawake 36,282 waligawanywa, baadhi wakapewa miligramu 1,000 za kalsiamu na uniti 400 za vitamini D kila siku. Kuvunjika nyonga hakukupungua kwa kiwango cha kuaminika, na mawe ya figo yaliongezeka kwa asilimia 17.

Vitamini D ndiyo inayofungulia kalsiamu mlango wa utumbo. Lengo ni uniti 600 kwa siku, 800 baada ya miaka 70. Jua hutengeneza vitamini hiyo pale tu miale inapokuwa mikali: kivuli chako kikiwa kirefu kukuzidi, unapata kidogo sana. Jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiki, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Usidanganywe na dozi kubwa za mkupuo. Mwaka 2010 ilionekana kwamba wanawake wazee waliopewa uniti 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika zaidi ya wenzao.

Mfupa hujengwa na uzito unaoubeba. Kutembea kwa kasi, kupanda ngazi, kucheza dansi na kuinua vitu vizito mara mbili au tatu kwa wiki vinauchochea. Kuogelea na baiskeli vinafaa moyo, lakini mfupa hauvihisi sana. Ambaye pingili zake zimeshadhoofika asiiname mbele huku amebeba mzigo. Taichi, mazoezi ya Kichina ya polepole, hupunguza kuanguka. Zulia linalokunjana na njia ya chooni isiyo na taa vishughulikiwe leo.

Sasa mitishamba yenyewe. Kwa maoni yetu, kitu cha asili chenye ushahidi wa kuridhisha ni plamu kavu: katika jaribio la mwaka mmoja lililochapishwa 2022, likiwa na wanawake 235 waliokoma hedhi, waliokula gramu 50 kwa siku, yaani matunda matano au sita, walihifadhi uzito wa mfupa wa nyonga. Waliopangiwa gramu 100 wengi waliacha njiani, na aliyewahi kula plamu nyingi anajua tumbo husemaje. Anza na mbili, ongeza taratibu. Soya ni chakula kizuri, lakini vidonge vya isoflavoni zake (kemikali za soya zinazofanana na homoni ya kike), miligramu 200 kwa siku kwa miaka miwili, havikuzuia mifupa kupungua katika utafiti wa 2011. Unga wa mlonge husifiwa sana. Hata tukikubali miligramu 2,000 kwa gramu 100, kijiko cha gramu 7 hutoa 140 tu, na si zote zinazofyonzwa; aidha unaweza kushusha sukari, hivyo mwenye dawa za kisukari awe macho. Mkia wa farasi una silika, madini yanayohusishwa na mifupa, lakini pia una kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kwa hiyo si chai ya kunywa miezi na miezi. Manjano ya jikoni hayana shida. Vidonge vyake vilivyokolezwa, hasa vyenye pilipili manga, vimewahi kuumiza maini.

Weka dawa zako zote mezani kabla ya kuongeza kitu. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani wala kuanza unga wa alfalfa, kwani vitamini K hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Kalsiamu na levothyroxine (dawa ya tezi ya shingo) zitenganishwe kwa saa 4, na antibayotiki kama ciprofloxacin na tetracycline nazo zisimezwe pamoja nayo. Kisha angalia bidhaa yenyewe: mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu vidonge vya "asili" vya viungo vilivyokutwa na deksamethasoni iliyofichwa, steroidi ambayo ikitumika muda mrefu hula mifupa. Ukimeza "majani" na maumivu yakakatika siku ya pili, uso ukaanza kuvimba na hamu ya kula ikapanda, shuku hilo. Usiache ghafla, nenda na chupa yako kwa daktari, kwa sababu mwili uliozoea steroidi huweza kuanguka inapokatizwa.

Ukishaanza, anza na kitu kimoja, andika tarehe na kipimo, subiri wiki chache kabla ya kuongeza kingine, ili kikikudhuru ujue ni kipi. Mfupa hujijenga upya polepole, kwa miezi. Rudia DXA baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa mashine ileile ya mara ya kwanza, kwani tofauti ndogo kati ya mashine mbili huweza kuonekana kama faida au hasara ambayo haipo.