Kesi imekwama? Uliza faili liko kwa nani

Watu wengi huku kwetu ukiwauliza kesi yako imefika wapi watakwambia "iko polisi", miezi sita baadae bado "iko polisi", kumbe faili lilishaondoka zamani. Mimi nimekimbizana na kesi ya ng'ombe wa ami yangu hapa Pemba mpaka kandambili zikalika, kwa hiyo nielewe.

Anza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wako, mjulishe, ila usimalizie hapo, sheha hahukumu mwizi. Kwa Kadhi nako usende, kule ni ndoa, talaka na mirathi.

Siku hiyo hiyo fika kituoni. Usiondoke kaunta bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, ipige picha kabisa. Umepigwa? Omba PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kama ni udhalilishaji, kubakwa au kulawitiwa, nenda kituo cha Mkono kwa Mkono, Unguja kipo hospitali ya Mnazi Mmoja na Pemba kipo hospitali ya Chake, na tafadhali mtoto usimkoshe wala usifue nguo zake kabla daktari hajamuona, mama zetu hapa ndo wanapoharibu ushahidi kwa uchungu tu.

Sasa pa kupotea ni hapa. Mpelelezi anachukua maelezo na vielelezo, akimaliza faili linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, na mawakili wake ndo wanaosoma kama ushahidi unatosha kwenda mahakamani, wasiporidhika wanalirudisha polisi likajazwe. Polisi ni wa Muungano, DPP na mahakama zetu ni za Zanzibar, kwa hiyo hakuna bosi mmoja wa kumlilia, na bora hivyo, mana anaekukamata angekuwa ndo anaekuhukumu tungekwisha. Basi muulize mpelelezi swali moja tu, "faili liko kwako au kwa DPP?" Akisema kwa DPP nenda huko na RB yako. Ikishafunguliwa mahakamani chukua namba ya kesi, karani hana habari na RB.

Na ukifika mahakamani kesi si yako tena. Inaitwa DPP dhidi ya fulani, wewe ni shahidi tu, ndo mana hata mkisuluhishana barazani haifutiki yenyewe. Kinachoiua ni muhali, kule kuoneana haya. Alieona ng'ombe wa ami akipakiwa kwenye kirikuu alfajiri alikuwa jirani, maelezo kaandikisha vizuri, samansi ilipokuja siku ya kwanza kaenda kesi ikaahirishwa, ya pili hakuja, ya tatu hakuja, mama wa mshtakiwa ni shoga wa mama yake unafanyaje, hakimu akaiondosha. Ami alirudishiwa kielelezo chake, kipande cha kamba kilichokatwa kwa kisu.

Kwa hiyo siku ya kesi mpitie shahidi wako asubuhi mwende gari moja, ila usimfundishe cha kusema.

Ukimuona mshtakiwa yuko mtaani kwa dhamana usikimbilie kusema kahonga, dhamana si kuachiwa huru, kesi inaendelea. Asiepata mdhamini anakaa rumande Chuo cha Mafunzo, ndo jela ya kwetu hiyo, jina lisikuhadae, mwanangu alishawahi kuniuliza eti kule wanasomea nini.