Ukichoshwa na kisukari: punguza kazi, usiache insulini

Dalili za kuchoshwa na kisukari zinajulikana. Mashine ya kupimia inashinda kwenye begi, sindano ya chakula unaikumbuka ukiwa umeshalala na unaipotezea, tarehe ya kliniki ikifika unatafuta udhuru. Hali hii huwapata sana vijana wanaoanza kujitegemea: mzazi aliyekuwa akikumbusha hayupo tena karibu, huku masomo, kazi na mahusiano vinakuja kwa mpigo. Si uvivu.

Kujikaza kisabuni hakusaidii. Ukijiapiza kwamba Jumatatu utapima mara nane na kuhesabu kila gramu ya wanga, Alhamisi utakuwa umeshaacha vyote. Ni bora, kwa wiki mbili hadi nne, ushushe kazi hadi kiwango cha chini ambacho bado ni salama, kwa kukubaliana na muuguzi au daktari wako.

Kwa anayejidunga insulini, kisichopumzishwa kamwe ni ile ya muda mrefu: kila siku, saa ileile. Iweke pale unapopiga mswaki, si kwenye droo. Anayetumia pampu ajue kwamba ndani yake mna insulini ya haraka peke yake, hivyo akiivua ketoni (asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini) zinaweza kuanza kupanda baada ya saa chache tu. Sindano ya mlo nayo inabaki, ila kama kinachokuchosha ni hesabu, omba upangiwe dozi tatu zisizobadilika: mlo mdogo, wa kawaida na mkubwa. Pima kabla ya kudunga, kabla ya kulala na kabla ya kuendesha gari au pikipiki. Tembea na gramu 15 za sukari ya haraka, kwa mfano vidonge vya glukosi; sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita (kama miligramu 70 kwa desilita) kula gramu hizo, kisha pima tena baada ya dakika 15.

Akili iliyochoka husahau kama imeshadunga. Usirudie kwa kubahatisha, maana dozi mbili za haraka zinaweza kukuangusha. Andika saa kwenye simu mara tu unapochomoa sindano. Ukiwa na shaka, pima kila baada ya saa moja au mbili, na kwa ile ya muda mrefu piga simu kliniki.

Sehemu inayowaponza wengi ni kurudi kwenye matibabu kamili. Kwanza, sema ukweli kuhusu sindano ulizoruka: "Naruka kama nne kwa wiki." Daktari asiyejua huona kipimo cha HbA1c (wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu) kimepanda, anakuongezea dozi, na siku utakapoanza kudunga zote sukari itaporomoka. Pili, mwili uliozoea sukari ya juu kwa miezi unaweza kutetemeka na kutoka jasho hata ukiwa kwenye milimoli 6 au 7. Wengi hudhani insulini inawadhuru, wanaacha tena. Pima kwanza, kama hujashuka kweli, hali hiyo huisha mwili unapozoea. Tatu, kushusha HbA1c kwa kasi baada ya muda mrefu kunaweza kuchochea matatizo ya retina kwa muda, kwa hiyo chunguzwa macho mapema na mshuke taratibu.

Nyumbani, omba kazi moja iliyo wazi: "Nikumbushe saa 3 usiku, mara moja, usiniulize namba." Maswali ya kila saa, hata yakiwa ya upendo, huzaa uongo.

Kuna mambo yasiyongoja. Sukari ikizidi milimoli 14 na unajisikia vibaya, pima ketoni za damu: kuanzia 1.5 wasiliana na kliniki mara moja. Zikifika 3, au ukitapika, kuumwa tumbo au kuhema haraka, nenda hospitali hata kama ni usiku. Kama unaruka insulini ili upungue uzito, au huzuni imekuganda zaidi ya wiki mbili, hilo linahitaji tiba yake, mweleze daktari. Ukipata wazo la kujidhuru, mkabidhi mtu mwingine insulini yako akupe dozi kwa dozi, na utafute msaada siku hiyohiyo.

Mambo yakitulia, ongeza kitu kimoja tu kila baada ya wiki mbili. Anza na kubadilisha sehemu ya kudunga, kwa kuwa uvimbe wa mafuta unaotokea ukidunga palepale hufanya insulini ifyonzwe ovyo na namba zirukeruke bila kosa lako. Hesabu ya wanga iache mwisho.