Kaliba na kichwa cha risasi kwa wanyama wakubwa: soma hapa kabla ya kuniuliza

Swali la kaliba gani (upana wa risasi) na kichwa gani cha risasi kinafaa kuwindia wanyama wakubwa nimelijibu kwenye simu, kwenye matatu na hata matangani. Leo naandika mara moja. Nakaa Nakuru, msimu ukifunguliwa navuka Namanga kwenda kufanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji Tanzania.

1. Sheria. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Haya ni ya Tanzania na kwingine kunakoruhusiwa, kwa kibali.

2. Mjue mnyama. Pofu dume hufika kilo 900 lakini akipigwa hukimbia. Nyati ana uzito mdogo kumliko, ila akijeruhiwa anakungoja kichakani.

3. Kaliba. Swala, kongoni, nyumbu: .30-06 (sehemu za inchi) yenye kichwa cha greni 180, kama gramu 12, inatosha. Nyati, simba, tembo: Tanzania wanaanzia .375. Ile .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912 inarusha greni 300, kama gramu 19, na teke lake begani linavumilika. .416 Rigby inarusha greni 400, .458 Winchester greni 500. Usinunue bunduki inayokufanya ufumbe macho kabla ya kufyatua.

4. Kichwa. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kaliba ni upana tu. Kichwa laini hufunguka ndani ya mnyama, na kizuri hufunguka bila kuvunjika vipande kwa sababu koti lake la shaba limeshikana na kiini. Nimeshika kimoja tulichokitoa chini ya ngozi ya nyati, upande wa pili wa alikopigwa: kimechanua kama uyoga, kitako kizima, vipande vya nyama vimenasa kwenye mikunjo. Kile chepesi cha swala kikigonga bega la nyati hupasuka juu juu. Mnyama anaondoka na kidonda, na nyinyi lazima mumfuate.

Kichwa kigumu hakifunguki, kinapenya tu. Ndicho cha tembo. Kwa nyati, wawindaji wengi huanza na laini kisha hufuatisha vigumu.

ONYO: kigumu kikipita kwa nyati aliye kundini kinampiga wa nyuma yake.

ONYO LA PILI: laini na kigumu vya uzito mmoja vinaweza kugonga mahali tofauti kwenye karatasi ileile ya shabaha. Vijaribu vyote kwa bunduki utakayobeba. Nimeona mgeni akiilaumu darubini asubuhi nzima, kumbe alijaribu aina moja akaja porini na nyingine.

5. Fanya mazoezi ukiwa umesimama, bunduki juu ya fito tatu zilizofungwa pamoja. Porini hakuna meza.

MASWALI

Swali: Mkuu, .308 inaweza nyati?
Jibu: Hatua ya 3.

Swali: Lakini si inaua pia?
Jibu: Hata sindano inaua. Soma hatua ya 3.

Swali: Nguruwe mwitu wanamaliza mahindi yangu huku Molo. Ninunue kaliba gani?
Jibu: Ununue muda wa maongezi upigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Hatua ya 1, ndugu yangu.

Swali: Shikamoo mzee. Niko Mumias. Wazee husema kuna Mzungu alipitia hapa akaua tembo kwa kibunduki kidogo. Ni kweli?
Jibu: Marahaba kijana. Ni kweli. Huyo ni W.D.M. Bell, Mumias ndiko alikojipanga kabla ya kwenda Karamoja, Uganda. Alipenda sana 7x57 (kaliba ya milimita 7), kichwa kigumu cha greni 173, gramu 11 hivi. Siri yake ilikuwa ubongo: alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi kwa kila upande. Kichwa kirefu chembamba kisichofunguka hupenya vizuri. Ila alipiga tembo wengi kuliko sisi sote hapa, na leo kibunduki hicho hakikubaliki kwa tembo.

Swali: Hizo fito tatu zinauzwa wapi? Niko Kisumu.
Jibu: Usinunue. Kata fito tatu nyepesi zinazokufikia begani, zifunge karibu na ncha kwa tyubu kuukuu ya baiskeli, mizunguko mitatu au minne. Usikaze sana, zisipopanuka hazisimami. Pale zinapokutana viringisha tyubu tena, bunduki isigonge mti ikafanya kelele.