Fomu ikikuuliza lugha yako: maneno ya Kiingereza ya kuyajua

Ukimwandikisha mtoto shule Marekani, katika rundo la makaratasi utakuta moja inayouliza mambo ya lugha: mtoto alianza kusema kwa lugha gani, nyumbani mnaongea nini, yeye mwenyewe anapendelea ipi. Wazazi wengi huandika Kiingereza ili mtoto asitengwe. Msifanye hivyo. Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Lau dhidi ya Nichols mwaka 1974, shule za umma zinawajibika kumsaidia mtoto asiyekijua Kiingereza, ila msaada wenyewe huanzia kwenye karatasi hiyo. Ukiandika Kiswahili, mtoto atapimwa. Akikutwa anakimudu Kiingereza, anaendelea na wenzake kama kawaida. Asipokimudu, na wewe hutaki awekwe kwenye madarasa ya lugha, mzazi una haki ya kukataa.

England swali huja kwa jina la "first language", na wengi hudhani ni lugha ambayo mtoto anaijua zaidi. Sivyo. Shule inataka lugha aliyoanza kuisikia utotoni na ambayo bado anaisikia nyumbani au kwa jamaa zake. Mtoto wa Leicester anayebishana kwa Kiingereza kutwa nzima anaweza kabisa kuandikiwa Kiswahili. Sensa ya 2021 ya England na Wales yenyewe iliuliza "main language", yaani lugha kuu, na hapo mtoto huyohuyo angeweza kuandikiwa Kiingereza. Hakuna uongo popote.

Neno la kuwa nalo makini zaidi ni "mother tongue". Kwetu Kenya tumezoea kulitumia kwa lugha ya kabila, hata kwa mtu aliyekulia Nairobi asiyejua zaidi ya salamu. Mwambie muuguzi wa ng'ambo kwamba "mother tongue" yako ni Kiluhya, naye atahangaika kukutafutia mkalimani wa Kiluhya, na wewe ulitaka Kiswahili tu. Hospitalini taja lugha unayotaka kuelezwa ugonjwa wako, basi. Hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu lazima zikupe mkalimani bila malipo, kwa hiyo usikubali mwanao wa miaka kumi ageuzwe mkalimani wa mambo ya tumbo la mama yake.

Ndugu zetu wa Bukavu, Uvira na Lubumbashi waongeze neno moja: "Congolese Swahili". Anayesema "batoto" na "bintu" akipewa kwenye simu mkalimani wa Unguja, wataelewana kwa kubahatisha, na kwa daktari au mbele ya hakimu kubahatisha hakutoshi.

Halafu kuna "dialect". Utaulizwa unaongea "African dialect" gani. Dialect ni lahaja: Kimvita, Kiamu, Kiunguja. Kikuyu na Kijaluo ni lugha kamili, tena za koo tofauti kabisa, moja ya Kibantu na nyingine ya Kiniloti. Jibu kwa upole kwamba ni "language", uendelee na chai yako. Na atakayekwambia Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa, mwambie ni "a Bantu language with many Arabic loanwords". Kiingereza nacho kilibeba maneno ya Kifaransa kwa maelfu baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka England mwaka 1066, na hakuna anayekiita Kifaransa.

Kwenye insha za chuo mtakutana na msamiati wa lugha kufifia. Mtu mmoja akisahau lugha yake kwa kutoitumia, hiyo ni "attrition". Jamii nzima ikihamia lugha nyingine ni "language shift", kama Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Kenya, waliohamia Kimaasai. "Endangered" ni lugha ambayo watoto wanaacha kuirithi. Msiibandike kwa Kiswahili, ila Chimwini, ndugu wa Kiswahili wa mji wa Brava, ambacho wasemaji wake walitawanywa na vita vya Somalia, hapo neno linafaa. "Extinct", yaani lugha iliyokufa, litumieni kwa adabu: Wamyaamia, wenyeji asilia wa Marekani, ambao lugha yao ilipoteza wasemaji kisha wakaifufua kutoka kwenye maandishi ya zamani, husema ilikuwa "sleeping", imelala tu.

Lugha ya mwanao aliyezaliwa ng'ambo, anayekuelewa lakini anakujibu kwa Kiingereza, huitwa "heritage language". Jina hilo lina faida. Akifika chuo kinachofundisha Kiswahili, ajitambulishe kama "heritage speaker", apimwe kabla ya kupangiwa darasa, asije akakalishwa kujifunza "hujambo". Kabla ya hapo, akiwa sekondari Marekani, ulizeni habari za "Seal of Biliteracy", muhuri wa lugha mbili kwenye cheti ulioanzia California. Muulizeni mshauri wa shule mapema kama mtihani wa Kiswahili unapatikana, maana wengi wao hufikiria Kihispania kwanza.