Kabla hujagusa kingo za njia ndefu inayopita kwenye miti

Usianze na panga. Anza na miguu. Tembea njia yote, kutoka getini mpaka mlangoni, mara mbili: ya kwanza ukitazama chini, ya pili ukitazama juu. Wengi wetu tunaijua njia yetu kwa macho ya dereva, na dereva haoni kitu. Haoni tawi kavu lililonasa juu ya mabichi likingoja upepo, haoni kalavati lililozibwa na majani, na wala hajui kwamba njia imeliwa na vichaka nusu mita kila upande tangu ahamie.

Siku nzuri ya kutembea ni siku ya mvua. Toka wakati bado inanyesha, uyafuate maji. Njia iliyotengenezwa vizuri ina mgongo katikati ili maji yagawanyike pande mbili na kuingia msituni. Lakini penye miti majani hudondoka, huoza, huota nyasi juu yake, huku tairi zikisukuma changarawe pembeni. Baada ya miaka michache ukingo umekuwa tuta, umeizidi njia kimo. Maji yakikosa pa kutokea hufuata mikondo ya tairi na kuchimba makorongo, nawe unaongeza changarawe kila mwaka na kila mwaka inachukuliwa. Changarawe haina kosa. Toa hilo tuta kwa jembe na chepe, ukianzia penye mteremko, na ufungue vitokeo vya maji kila baada ya hatua kadhaa. Udongo unaoutoa usiurundike kwenye mashina ya miti. Gome likizikwa kwenye udongo wenye unyevu huoza, na mizizi hukosa hewa.

Glavu, mabuti, miwani ya kazi: vaa, hilo halina mjadala. Mashine ya kufyekea hurusha mawe, kwa hiyo watoto, mbwa na watazamaji wakae mita 15 kutoka ulipo. Chunguza nyigu na nyuki kabla hujaingiza mkono kichakani. Tawi lililo karibu na waya wa umeme si lako, piga simu kwa wenye umeme. Pale njia inapokutana na barabara, fyeka vichaka vya pande zote mbili mpaka uweze kuona gari linalokuja ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, si ukiwa umesimama.

Kimo nacho watu hukisahau. Tawi linalopita vizuri juu ya gari lako dogo halitapita juu ya gari la zimamoto, na likilowa mvua hushuka zaidi. Mimi naacha mita 4.5 wazi kwenda juu. Waulize zimamoto wa kwenu wanahitaji nafasi gani, halafu ongeza kidogo.

Ukikata tawi nene, kata mara tatu. Kwanza kata kidogo kwa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani. Kisha kata kwa juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke bila kuchuna gome la mti mzima. Mwisho ondoa kipande kilichobaki shinani, ukipita nje ya kile kivimbe tawi linapotokea. Kivimbe usikiguse, ndicho kinachofunga kidonda. Na hiyo rangi ya kupaka kwenye jeraha achana nayo, haizuii kuoza.

Sasa nije kwenye lililonigharimu.

Nilichoka na maji. Badala ya kutoa tuta kwa jembe, nilikodi mashine ya kuchimbia inichimbie mtaro ulionyooka upande mmoja wa njia, kina cha nusu mita, siku moja tu kazi imekwisha. Mtaro ulipendeza. Mizizi iliyokatwa ilionekana ukutani mwa mtaro, mieupe, mingine minene kama mkono wangu, na mimi nikaona ni usafi. Sikujua kwamba mizizi mingi ya mti haiendi chini sana. Hutandaa karibu na uso wa ardhi, mara nyingi ndani ya sentimita 60 za juu, na hufika mbali kupita matawi. Nusu mita yangu ilikuwa imekata sehemu kubwa ya kile kilichoishikilia ile miti upande wa njia. Tena miti ya kando ya njia huinamia njiani, maana huko ndiko kwenye mwanga. Nilikuwa nimeondoa nguzo upande ule ule mzigo ulikoelemea.

Mwaka wa kwanza hakuna kilichotokea. Wa pili, mti mmoja mkubwa ulikauka vitawi vya kileleni na uyoga ukaota shinani. Niliuona uyoga, nikasema ni mvua. Wa tatu, usiku usio na upepo wa kutisha, nilirudi nikaukuta umelala njiani, umeng'oka na bonge lake la mizizi na udongo, limesimama wima kama ukuta. Nikaacha gari, nikatembea gizani.

Asubuhi ndipo nilipokaribia kuua mtu. Tulikuwa wawili, mimi na kijana aliyekuja kunisaidia. Yeye alikuwa amesimama ndani ya shimo nyuma ya bonge, akikata mizizi midogo kwa shoka, mimi nikiwa na chenso upande wa shina. Alitoka kwenda kunywa maji. Nikamaliza kukata shina, na lile bonge, likiwa limeondolewa uzito uliolivuta, likarudi. Lilirudi lote, kwa kishindo kimoja, likafunika shimo na kisiki kikasimama kama vile mti haujawahi kuanguka. Shoka aliyoiacha humo hatujaitoa mpaka leo. Kijana alirudi na kikombe mkononi, akatazama, hakusema neno. Hakuja tena siku ya pili, na sikumlaumu.

Kwa hiyo, kabla ya kuchimba popote ukingoni, zungusha kamba kwenye shina kwenye usawa wa kifua, kisha inyooshe mara nne ya urefu huo kutoka shinani kwenda nje. Shina lenye mzunguko wa mita 1.2 linakupa karibu mita 5. Ndani ya duara hilo usichimbe mtaro. Najua, njia yenyewe huenda iko ndani ya duara. Ndiyo maana nasema parua juu juu tu kwa mkono, na ukikutana na mzizi unaozidi unene wa kidole gumba, simama, upite kando yake. Kama maji bado yanakushinda, afadhali uinue njia kwa changarawe kuliko kushusha ukingo. Mti ulioanguka na bonge lake mwachie mwenye utaalamu. Ukishindwa kabisa kumpata, mtu yeyote asikanyage ndani ya shimo wala nyuma yake, hata kwa sekunde.

Na kagua miti iliyobaki. Ufa kwenye udongo upande wa nyuma ya mti ulioinama, uyoga shinani, gome linalobanduka, kilele kinachokauka: kimoja kinatosha kumwita fundi wa miti. Mimi niliita baada ya yote hayo. Miti mingine mitatu ya mtaro ule ule ilibidi ishushwe.

Mengine unayajua, ila nitayasema. Usifanye kazi hii peke yako. Simu iwe mfukoni, si ndani ya gari. Usichome majani ukingoni, moto hutambaa chini ya majani makavu na kuibukia pengine ukiwa umeshalala. Dawa ya magugu usipulize siku ya upepo. Tawi dogo lililokunjwa na kubanwa na mti ulioanguka usilikate ukiwa mbele yake, hufyatuka kama mtego. Jua likianza kuzama zima mashine, hata kama imebaki mita kumi.