Jinsi ya kuombea skuli yako imeili na ofisi ya mtandaoni ya bure, toka karatasi mpaka paswadi ya mwanafunzi

Skuli nyingi hapa Mombasa kazi zote zafanyika kwa Gmail za watu binafsi. Mitihani iko kwa Drive ya mwalimu wa hesabu, orodha ya karo iko kwa simu ya bursa, barua za wizara zaingia kwa imeili iliyofunguliwa na karani ambaye alishahamia Malindi zamani, na mambo yaenda tu mpaka siku mtu aondoke na paswadi yake. Sasa iko njia ya kupata imeili zenye jina la skuli yenyewe pamoja na Docs ya kuandikia, Sheets ya majedwali, Classroom ya darasa la mtandaoni na Meet ya mikutano bila kulipa hata shilingi, yaitwa Google Workspace for Education Fundamentals. Microsoft nao wana yao ya bure, ile A1, lakini mimi nitashika ya Google maana ndo walimu wengi wameizoea kwa simu zao.

Kujaza fomu yenyewe si kazi, unamaliza kabla chai haijapoa. Kinachochukua siku ni karatasi, domeni, na swali moja ambalo watu hawaulizi mapema: hivi vitu vimeandikwa kwa jina la nani? Nitalirudia mpaka mchoke.

Tuanze na karatasi. Google hawaitoi hii kwa kila mtu, wataka skuli au chuo kinachotambulika rasmi, kwa hivyo kile cheti cha usajili cha Wizara ya Elimu kilichotundikwa ofisini kwa mkuu kitoe kwenye fremu ukiskani vizuri kiwe PDF, si picha ya simu yenye kivuli cha kidole. Halafu soma jina lililo kwenye cheti herufi kwa herufi, kwa sababu skuli zetu nyingi zina jina moja kwa cheti, lingine kwa geti na lingine kwa sare za watoto, na wewe ukijaza lile la geti ndo mwanzo wa kuulizwa maswali. Tumia la cheti kila mahali. Tuisheni ya nyumbani au madrasa ambayo haijasajiliwa kama skuli hapa msijisumbue, lakini zile madrasa zenye skuli ndani yake, zinazofundisha mtaala wa serikali na cheti wanacho, hao waombe tu.

Cha pili ni domeni, yani lile jina linalokuja baada ya alama ya @. Majina yanayoishia .ke husimamiwa na KeNIC, ila kununua wanunua kwa msajili aliyeidhinishwa nao, orodha iko kwa tovuti ya KeNIC. Vyuo huchukua .ac.ke, skuli za msingi na sekondari huchukua .sc.ke. Unaweza kwenda na .co.ke au .com na ombi lako bado litasomwa, lakini mimi nasema chukua .sc.ke, maana ile hupewi mpaka uonyeshe ushahidi kuwa kweli wewe ni skuli, na mtu wa mbali akiiona tu ameshajua wewe ni nani. Malipo ni ya kila mwaka na bei hutofautiana kwa wasajili, kwa hivyo piga simu mbili tatu kabla hujatoa pesa.

Sasa hapa ndo pa kusimama. Pale panapoulizwa mwenye domeni ni nani, andika jina la skuli. Si la mwalimu wa kompyuta, si la fundi, si la mwenyekiti wa bodi hata akiwa ndo amelipa. Kuna skuli moja upande wa Kisauni domeni iliandikwa jina la kijana aliyewatengenezea tovuti, kijana akapata kazi Doha, mwaka ukaisha, notisi ya kulipia ikaenda kwa imeili yake yeye na skuli ikaamka asubuhi moja hakuna barua inayoingia wala kutoka, na ilikuwa wiki ya mitihani. Kijana hakuwa mbaya jamani, alikuwa hata hajui. Na jambo jingine ambalo hata mafundi wazuri hulisahau, imeili ya mawasiliano unayompa msajili isiwe ya domeni hiyohiyo. Domeni ikikatwa, notisi itatumwa kwenye sanduku lililokufa pamoja nayo. Mpe ile Gmail ya zamani ya skuli, na ya pili ya bursa.

Kama skuli haina tovuti tengeneza hata ukurasa mmoja uwe na jina kamili, mtaa, simu na madarasa mnayofundisha, maana ombi laulizia tovuti na anayelikagua atataka kuona kitu. Picha weka ya jengo. Za watoto ziwache kwanza, sababu yake inakuja.

Haya, fomu. Ifanye kwa laptopu, simu itakuchosha. Wafungua edu.google.com, watafuta Workspace for Education, wachagua ile ya bure ya Fundamentals, na pale pa kuanza utaulizwa jina la skuli, ni ya ngazi gani, tovuti, anwani, idadi ya wanafunzi na wafanyakazi, na simu. Simu weka laini ya skuli yenyewe na +254 mbele, sio ya mtu. Kisha utaulizwa kama domeni unayo, ndiyo unayo, uiandike bila www. Mwisho watakuambia utengeneze akaunti ya kwanza, na hii si akaunti ya kawaida, ndo yenye funguo zote, anayeishika anaweza kufuta skuli nzima, kwa hivyo usiipe jina la mtu. Iite meneja@ halafu jina la domeni. Na tafadhali usiifungue kwa saiba, pale Mwembe Tayari au kwengine kokote, hujui mashine ile ina nini ndani. Kama laptopu hamna kabisa, azima ya mtu unayemwamini.

Ukishaingia Google watataka uthibitishe kwamba domeni ni yenu kweli. Watakupa mstari mrefu unaoanza na google-site-verification, unakili wote bila kuacha herufi, nenda kwa akaunti yako ya msajili sehemu ya DNS, yani pale panapowekwa mipangilio ya domeni, ongeza rekodi ya aina ya TXT, ubandike, uhifadhi, urudi Google ubofye kuthibitisha. Mara nyingine huitika papo hapo, mara nyingine wangoja, rekodi zaweza kuchukua hata saa 72 kuenea, kwa hivyo ikikataa usianze kuongeza nyingine na nyingine juu yake ukajichanganya.

Baada ya hapo ni rekodi za MX, zile zinazoelekeza barua ziende wapi. Futa za zamani zote kisha weka moja tu, smtp.google.com yenye kipaumbele 1. Fundi wa siku nyingi atataka kukuwekea zile 5 za ASPMX alizozizoea, na zenyewe bado zafanya kazi, usigombane naye, muhimu msichanganye hizo na hii. Kama skuli tayari ilikuwa na imeili za domeni hiyo kwa kampuni nyingine, hii hatua ifanyeni likizo ya Agosti au Disemba, na barua za zamani zihifadhiwe kwanza, maana mkishabadilisha MX barua mpya haziendi tena kule.

Na usiishie hapo, weka na SPF na DKIM, zile zinazothibitisha kuwa barua kweli imetoka kwa domeni yenu. SPF ni rekodi nyingine ya TXT, v=spf1 include:_spf.google.com ~all, na DKIM utaitengeneza ndani ya admin.google.com sehemu ya Gmail, wakupe ufunguo uupeleke tena kwa msajili. Watu huruka hii kisha walalamika kwamba barua za skuli zaangukia spamu za wazazi. Tangu Februari 2024 Gmail wamekaza, barua isiyo na uthibitisho wa domeni yake huweza kukataliwa mlangoni kabisa.

Sasa ombi liko mezani kwao. Laweza kuchukua hadi wiki mbili, na katika muda huo akaunti iko katika hali ya majaribio tu. Fungua ile imeili ya mawasiliano kila siku, na spamu pia uangalie, kwa sababu wakitaka cheti watakuandikia huko, na usipojibu ombi lakaa. Ukijibu, jibu kwa uzi uleule waliokuandikia, uambatishe PDF ya cheti, uandike sentensi mbili basi, hawahitaji historia ya skuli toka mkoloni.

Wakati mnangoja, fanyeni kazi ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yasema data ya mtoto haishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na imeili ya mtoto ni data, jina lake ni data, picha yake pia. Andikeni barua fupi ya Kiswahili, mkieleza mtoto atafunguliwa akaunti gani, ya kufanyia nini, nani ataiona, mzazi atie sahihi, ziwekwe faili. Skuli pia zatakiwa ziwe zimejisajili na Kamishna wa Data, ziko katika orodha ya wanaolazimika hata wakiwa wadogo. Hii si ya kutishana. Mwaka 2023 skuli moja ya Uthiru, Nairobi ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Ndo maana nikasema picha za watoto wacheni.

Wakishakubali, ingia admin.google.com na kabla hujaongeza mtu hata mmoja gawanya skuli kwa vitengo, walimu kivyao, wafanyakazi wa ofisi kivyao, wanafunzi kivyao kwa madarasa. Sababu yake utaiona kwenye mipangilio ya umri. Skuli za msingi na sekondari Google huwachukulia watu wote kuwa chini ya miaka 18 mpaka wewe useme vingine, na hapo mwalimu mwenye wajukuu anakuta YouTube imebanwa na huduma nyingine hazifunguki, anadhani mtandao mbovu. Kitengo cha walimu na cha ofisi uwaweke ni watu wazima. Wanafunzi waache walivyo, na kwa wadogo uzuie wasipokee barua kutoka nje ya skuli.

Watu hawaongezwi mmoja mmoja, wapakua kielelezo cha CSV, yani jedwali tupu la majina, hukohuko, wakijaza kwa Sheets, wakirudisha. Majina sasa. Skuli ya Mombasa darasa moja waweza kuwa na Mohamed Ali watatu na Fatuma Said wawili, ukitumia jina la kwanza na la pili utaishia mohamedali2, mohamedali3 na mtoto mwenyewe hakumbuki yeye ni wa ngapi. Tumia nambari ya usajili ya skuli, ile iliyo kwenye daftari la karani, haijirudii na haibadiliki. Walimu ndo wapewe za majina. Paswadi ya kwanza iwe na herufi 8 au zaidi, na uweke alama ya kuwalazimisha kuibadilisha wakiingia, isiwe wote wana paswadi moja mpaka Krismasi.

Mtandao ukisumbua, na utasumbua, washa ile hali ya kufanya kazi bila mtandao kwenye Drive kwa Chrome, mwalimu ataandika mtihani kwa Docs akiwa Mtongwe hana bando na ukajipeleka wenyewe akifika skuli. Forms ndo haikubali, yataka mtandao. Yani nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua hapahapa Mombasa mwaka 2009, na bado sisi ndo tuliokaa tukitazama duara likizunguka.

Mafaili ya skuli yasikae kwa Drive ya mwalimu. Fungua hifadhi za pamoja (shared drive), moja ya mitihani, moja ya ofisi, moja ya bodi. Faili likiwa humo mwenyewe ni skuli, mwalimu akipewa uhamisho kwenda Taita Taveta akaunti yake yafungwa na mtihani wake wa muhula wa pili wabaki. Nafasi mmepewa TB 100 za skuli nzima, lakini mwanafunzi mmoja mwenye kupenda sinema za Bollywood aweza kula nyingi sana, kwa hivyo wapangie kiwango.

Funguo za ile akaunti ya meneja ziwe na watu wawili, kila mmoja akiwa na akaunti yake ya usimamizi, na wote wawashe uthibitisho wa hatua mbili, yani baada ya paswadi waulizwa tena kitu cha pili, kama nambari inayokuja kwa simu. Zile nambari za akiba (backup codes) za kuingilia simu ikipotea zichapisheni, ziingie kwenye bahasha, bahasha iingie kwenye sefu ya mkuu. Akibadilishwa mkuu, bahasha iwe kwenye orodha ya makabidhiano pamoja na logibuku ya basi.

Na ile Gmail ya zamani msiifute. Wazazi wanayo, ofisi ya kaunti ndogo wanayo, wauza vitabu wanayo. Ielekezeni barua zake zije kwa anwani mpya, wekeni jibu la moja kwa moja la kuwaambia watu anwani imebadilika, na mtu aingie humo mara mojamoja, kwa sababu akaunti ya Gmail ambayo haijaguswa miaka 2 Google huweza kuifuta na vyote vilivyomo, na notisi za domeni zaja humohumo.