Namna ya Kuomba Udhamini wa Serikali wa Chuo Kikuu Nchini Uganda

Kila mwaka Serikali ya Uganda huwalipia wanafunzi wapatao 4,000 masomo katika vyuo vikuu vya umma, vikiwemo Makerere, Kyambogo, Mbarara, Gulu, Busitema na Muni kule Arua. Takriban 3,000 kati yao huchukuliwa kwa alama za UACE (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari ya juu) nchi nzima, karibu 900 hupitia mgawo wa wilaya, 64 ni wenye ulemavu na 40 ni wanamichezo. Nimewaona vijana wenye alama nzuri wakizikosa nafasi hizi kwa sababu ya kozi walizochagua au karatasi walizowasilisha, na hayo yote mawili huamuliwa mapema, kwa kuwa kwa kawaida fomu ya maombi hujazwa mwanafunzi angali S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari.

Anza na hesabu ya kozi. Katika UACE, A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, na kuendelea hivyo kushuka chini. Chuo hakijumlishi pointi hizo jinsi zilivyo, bali huzizidisha kwa uzito wa kila somo katika kozi unayoiomba: somo la lazima huzidishwa kwa 3, linalohusiana kwa 2, na linalopendelewa tu kwa 1. Kwa hiyo A ya fizikia humpa anayeomba uhandisi pointi 18, ilhali A hiyohiyo ikiwa katika somo linalopendelewa tu huleta 6. Ndiyo maana wanafunzi wawili waliolingana kabisa kwenye matokeo hutofautiana sana mbele ya kozi moja. Wasichana huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza mwaka 1990. Chukua alama za chini kabisa zilizokubaliwa katika kozi hizo mwaka uliopita, upige hesabu yako kwa kila kozi, kisha uweke juu ile unayoitaka na unayoifikia. Kozi yenye jina kubwa usiyoifikia huziba nafasi ya kozi ambayo ungeipata.

Mgawo wa wilaya, ulioanzishwa mwaka 2005, humlinda mtoto wa wilaya ambayo shule zake hazina maabara wala walimu wa kutosha. Kila wilaya hupewa nafasi kwa kadiri ya idadi ya watu wake. Hapa ndipo karatasi hupimwa kwa makini, kwa sababu wapo wanaojidai kuwa wenyeji wa wilaya wasiyoijua, na nafasi wanayoichukua humnyang'anya mtoto wa mkulima wa huko. Pata barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kijiji cha wazazi wako, yenye muhuri unaosomeka.

Kisha linganisha majina. Weka mezani kitambulisho cha taifa, cheti cha UCE (mtihani wa S.4) na hati ya UACE, usome herufi kwa herufi. Asha kwenye cheti na Aisha kwenye kitambulisho ni watu wawili machoni pa karani, hata kama kijiji kizima kinajua ni binti mmoja. Kosa likiwapo, nenda kwa wakili au mahakamani ukaape hati ya kiapo, na uyafanye hayo wakati wa likizo, usisubiri wiki ya mwisho ambapo foleni ni ndefu na nauli ya kwenda mjini haipatikani.

Ukikosa udhamini, uko mkopo wa Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Ili kuuomba, sharti uwe umeshapata nafasi chuoni, na kozi za sayansi na teknolojia hupewa kipaumbele. Mkopo hulipa ada ya masomo, ada nyingine za chuo na gharama za utafiti, pamoja na vifaa vya kumsaidia mwanafunzi mwenye ulemavu. Marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Chumba na chakula havimo, kwa hiyo kabla ya kusaini, familia ikae pamoja ihesabu kodi ya chumba, posho (yaani ugali) na maharage ya muhula mzima, ikubaliane ni nani atakayelipa nini, na wale watakaosaini kama wadhamini waelezwe waziwazi kwamba deni lile linawahusu wao pia.